Kusoma na kuandika katika uzamili: kazi ya miezi sita ya kwanza

Mwanafunzi wa uzamili huku kwetu Kenya, awe chuo kikuu cha Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, Kibabii, Jaramogi kule Bondo au Egerton pale Njoro, mara nyingi hakwami kwenye kozi. Kozi zinafanana na alichozoea: mhadhiri yupo, mtihani upo, anasoma na anapita. Anakwama mihadhara ikishaisha, anapobaki na mada ya utafiti, msimamizi mwenye wanafunzi wengine chungu nzima, na sura ya pili, ile ya mapitio ya maandishi, isiyoandikika. Hapo ndipo mihula inapopita, karo inalipwa, na pendekezo la utafiti halisogei.

Kwa maoni yangu tatizo si uvivu. Wengi wao ni walimu, wauguzi na maafisa wa kaunti wanaofanya kazi kutwa na kusoma usiku. Shida ni kuwa wameingia ngazi mpya na mbinu za zamani: kusoma kila makala neno kwa neno, kupaka rangi ya manjano kila mstari, na kungoja wamalize kusoma ndipo waanze kuandika. Utafiti hauna mwisho wa kusoma, kwa sababu kila makala yanakuelekeza kwa mengine kumi. Kwa hivyo mambo mawili lazima yageuke mapema. Usome ukiwa na swali, na uandike tangu wiki ya kwanza, hata kama unachoandika bado ni kibaya.

Swali, kisha maneno ya kutafutia

Nitatumia mfano mmoja wa hapa hapa: gugumaji la Ziwa Victoria. "Athari za gugumaji" ni mada tu. Ukianza nayo, hujui makala yapi yanakuhusu na yapi uyaache, hivyo unasoma yote na unachoka. Ipunguze kwa kujiuliza ni nani, wapi, lini, na nini hasa kinachopimwa. Kwa mfano: wavuvi wa bichi za Dunga na Usoma pale Kisumu hupoteza siku ngapi za kuvua gugumaji linapoziba bichi, na huziba pengo hilo la mapato kwa njia gani? Sasa makala kuhusu mbolea ya gugumaji unayaweka kando bila kujilaumu.

Kabla ya kufungua kompyuta, chukua karatasi uandike majina yote ambayo kitu unachokichunguza kimewahi kuitwa. Watu wengi hukosa sehemu kubwa ya maandishi hapa bila kujua. Kwa miaka mingi jina la kisayansi la gugumaji lilikuwa Eichhornia crassipes, lakini wataalamu wa mimea wamelihamishia kwenye jenasi nyingine, na machapisho mengi ya karibuni yanaliita Pontederia crassipes. Ukitafuta kwa jina moja, ya jina la pili yanakupita. Ghuba yetu nayo inaitwa Winam, inaitwa Nyanza, na katika kazi za zamani inaitwa Kavirondo. Mtu anayetafuta "Winam" peke yake hataona maandishi ya zamani kuhusu maji yale yale.

Katika Google Scholar, mashine ya Google ya kutafutia maandishi ya kitaaluma, alama za kunukuu hufunga maneno yakae pamoja, na neno OR kwa herufi kubwa huiambia mashine ilete chochote kati ya viwili. Basi unaandika "Eichhornia crassipes" OR "Pontederia crassipes", kisha unaongeza Winam OR Nyanza OR Kavirondo. Ukipata maelfu, ongeza neno moja linalobana, kama la uvuvi. Ukipata manne, ondoa moja. Kila mara uandike katika daftari au jedwali la Excel: tarehe, hifadhidata uliyotafutia, maneno uliyotumia, matokeo mangapi, na mangapi uliyabakiza. Inaonekana kazi ya bure mpaka siku jopo la watahini litakapouliza ulivyoyapata maandishi yako, au miezi minane baadaye utakapotaka kuona kama kuna jipya.

Makala mazuri ukiyapata, yatumie kama mlango. Nyuma yake kuna orodha ya marejeleo, ambayo hukupeleka kwenye kazi zilizotangulia. Mbele yake, kwenye Google Scholar, kuna kiungo kinachoonyesha kazi zilizoyataja baada ya kuchapishwa. Wanafunzi wengi huenda nyuma tu, halafu jopo linawaambia marejeleo yao yamezeeka. Ukifika mahali ambapo makala matatu au manne mfululizo yanakurudisha kwa majina ambayo tayari unayo, kwa swali hilo umefika. Acha kutafuta, andika.

Kuhusu kufungiwa nje ya makala ya kulipia: vyuo vyetu vingi ni wanachama wa KLISC, muungano wa maktaba ambao hununua majarida kwa pamoja, na mwanafunzi anaweza kuingia akiwa nyumbani kwake Bungoma au Siaya mradi amesajiliwa kwa mfumo wa maktaba wa kusoma ukiwa nje ya chuo. Nenda kwa mkutubi wiki ya kwanza ya muhula, umwombe akusajili na akuonyeshe mara moja namna ya kuingia. Ni kazi ya muda mfupi, na kuna watu wanaofika kutetea tasnifu hawajawahi kuifanya. Kwa majarida ya Afrika kuna tovuti ya AJOL, ambako sehemu kubwa ni ya bure. Ukiwa chuoni tumia eduroam, Wi-Fi ya vyuo inayoendeshwa nchini na KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, upakue makala ya wiki nzima usije ukamaliza bando usiku. Yakishindikana yote, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Wengi hufurahi kutuma.

Kusoma mara tatu, lakini si makala yote

Makala ya kisayansi hayakuandikwa yasomwe kama hadithi, kutoka juu kwenda chini. Usomaji wa kwanza uchukue dakika kumi: kichwa, ikisiri, aya ya mwisho ya utangulizi (mara nyingi ndipo mwandishi anapotaja lengo lake), majedwali na michoro, kisha hitimisho. Baada ya hapo amua. Je, yanagusa swali lako? Kama hayagusi, andika mstari mmoja wa sababu na uendelee. Katika makala thelathini, ni jambo la kawaida kubaki na kumi hivi.

Hayo kumi ndiyo unayoyasoma mara ya pili, kwa dakika arobaini au saa nzima kila moja, na hapa uanzie mahali ambapo wengi huruka: mbinu. Tuseme makala yanadai mapato ya wavuvi yalishuka kwa nusu. Uliza waliohojiwa ni wangapi, wa bichi ngapi, na walihojiwa mwezi gani. Gugumaji hili huelea. Upepo hulisukuma kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine, kwa hivyo mvuvi aliyehojiwa bichi ikiwa imefunikwa atajibu tofauti na yule yule akihojiwa maji yakiwa wazi. Uliza pia nani hakuulizwa. Wanawake wanaonunua na kukaanga samaki wanaathirika bila kumiliki mtumbwi, na utafiti uliohesabu wenye mitumbwi pekee hauwezi kuzungumza kwa niaba yao. Maswali ya aina hii ndiyo yanayokutengenezea pengo la utafiti. Pengo la kweli halipatikani kwa kuandika tu "hakuna utafiti uliofanywa Kisumu".

Usomaji wa tatu ni wa makala matatu au manne ambayo utafiti wako umesimama juu yake. Haya uyajue kiasi cha kuweza kuchora mbinu zake ubaoni bila kutazama. Jopo litauliza hayo hasa.

Sasa madondoo. Kosa kubwa hapa ni kunakili. Mtu anakata sentensi kutoka kwenye PDF, anaibandika kwenye Word, na baada ya miezi mitatu hajui ipi ni yake na ipi ni ya mwandishi. Wizi wa kitaaluma huanzia kwenye madondoo machafu mara nyingi zaidi kuliko kwenye nia mbaya. Dawa yake: soma sehemu, funga faili, eleza ulichoelewa kwa maneno yako, kisha fungua ulinganishe. Na kuna jambo ambalo walimu wetu wa mbinu za utafiti hawalisemi vya kutosha: yaeleze kwanza kwa Kiswahili, Kidholuo au Kibukusu, lugha yoyote unayowazia. Tunasoma kwa Kiingereza na tunatakiwa kuandika kwa Kiingereza, na katikati hapo ni rahisi mno kuhamisha sentensi bila kuielewa. Ukishamweleza mwenzako kwa Kidholuo kwa nini mwandishi alichagua bichi tano na si moja, huwezi tena kunakili. Unachoandika baadaye kitakuwa chako. Ukishindwa kueleza, basi hujaelewa, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko mbele ya jopo.

Kila makala yawe na kadi yake yenye mambo yale yale: marejeleo kamili, swali la mwandishi, mbinu na idadi ya waliochunguzwa, matokeo makuu pamoja na nambari ya ukurasa, udhaifu mmoja, na mstari wa mwisho unaosema "kwangu mimi haya yana kazi gani". Ukikosa cha kuandika kwenye mstari huo wa mwisho, makala hayo hayafai kuwa kwenye sura yako. Maneno ya mwandishi unayotaka kuyanukuu yaweke ndani ya alama za kunukuu papo hapo, si kesho. Zotero ni programu ya bure, na itahifadhi marejeleo na kadi pamoja, kisha ipange orodha kwa mtindo wa APA au wowote ambao idara inataka. Usiiamini kwa upofu, lakini. Huchukua majina jinsi yalivyoandikwa mtandaoni, na makosa ya herufi kubwa na miaka ni mengi. Rekebisha kila ingizo siku unapoliingiza.

Sura ya pili si orodha ya waliosema

Hapa ndipo nataka nikae zaidi, kwa sababu hapa ndipo mapendekezo mengi hurudishwa. Sura dhaifu unaitambua kwa kutazama mwanzo wa aya: mwandishi fulani alichunguza hiki, mwandishi mwingine alichunguza kile, wa tatu naye, mpaka kurasa ishirini zinaisha. Kila aya ni muhtasari wa makala fulani. Msomaji anamaliza bila kujua waandishi hao wanakubaliana wapi, na wewe umesimama wapi.

Kinachosaidia ni jedwali. Kila makala yapewe mstari wake, lakini nguzo zibebe mawazo: sababu iliyotolewa, ushahidi, mahali, kipindi, mbinu. Ukishajaza makala kumi, acha kusoma kwenda kulia, soma kwenda chini. Nguzo moja ukiisoma kutoka juu hadi chini ndiyo aya yako. Inakuonyesha wanaokubaliana, wanaopingana, na seli zilizobaki tupu.

Tuchukue mabishano ya kweli. Gugumaji lilipungua sana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa nini? Fukusi wa jenasi Neochetina, wadudu wanaokula mmea huo, walikuwa wameachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997. Mwisho wa mwaka huo huo na mwanzo wa 1998 ikaja El Niño. Katika jarida la Aquatic Botany, mwaka 2005 na tena 2007, watafiti walibishana: upande mmoja ukisema hali ya hewa, yaani mwanga uliopungua na maji yaliyochafuka, ilichangia pakubwa, upande wa pili ukisema kupungua huko ni kazi ya fukusi.

Mwanafunzi dhaifu ataandika aya mbili, ya kila upande, na kuendelea. Aya inayosimama inakwenda namna hii: "Watafiti wanakubali kwamba gugumaji lilipungua mwishoni mwa miaka ya 1990, ila wanatofautiana kuhusu sababu. Ugumu ni kwamba mambo mawili, kuachiliwa kwa fukusi na El Niño, yalifuatana ndani ya muda mfupi, hivyo takwimu za kipindi hicho peke yake haziwezi kuyatenganisha kikamilifu. Kwa utafiti huu, unaohusu namna wavuvi wanavyokabili gugumaji linapojirudia, jambo la msingi ni kuwa kupungua hakukudumu, na kwa hivyo mikakati ya wavuvi ichunguzwe kama jambo la kila mara badala ya dharura ya mara moja." Tazama aya hiyo inavyofanya kazi. Sentensi ya kwanza inabeba makubaliano na tofauti. Ya pili inaeleza kwa nini tofauti ipo. Ya tatu inairudisha kwenye swali lako. Majina ya waandishi huingia ndani ya mabano, mwishoni mwa dai, mahali pake panapostahili. Aya tano za namna hii zina uzito kuliko kurasa ishirini za muhtasari.

Ukimaliza rasimu, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kwa sauti. Zikiunda hoja inayotembea, sura ipo. Zikiwa majina ya watu na miaka tu, rudi kwenye jedwali.

Muda, mafaili, na akili bandia

Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,500. Kwa wiki kumi na mbili ni 18,000, na hata ukitupa nusu, bado una 9,000, ambayo kwa mada nyingi yanatosha kuwa sura ya mapitio. Mwalimu anayefundisha siku nzima hatapata saa nne za mfululizo muhula ukiendelea, na asizingoje. Dakika arobaini na tano kabla ya watoto kuamka zinatosha maneno hayo 300, mradi usiku uliotangulia umeandika kwenye karatasi ni aya gani utakayoshughulikia. Kusoma mara ya kwanza, kusafisha Zotero na kupakua makala ni kazi za jioni ukiwa umechoka. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba uziwekee kazi nzito: jedwali, rasimu nzima, uchanganuzi wa data.

Mafaili yaite kwa mpangilio mmoja, jina la mwandishi, mwaka, na neno kuu. Rasimu zako ziwe na tarehe, mwaka ukitangulia, ili zijipange zenyewe. Faili linaloitwa "mwisho kabisa 3" litakupoteza. Hifadhi nakala tatu: kwenye laptopu, mtandaoni, na kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Laptopu huibwa kwenye matatu, na flashi hufa bila taarifa.

Kuhusu programu za akili bandia: zinaweza kukusaidia kunyoosha sarufi au kukuuliza maswali ya majaribio kabla ya kutetea, kama sheria za chuo chako zinaruhusu. Zisitumike kutafuta marejeleo. Huweza kutunga makala yasiyokuwepo, yenye majina ya kuaminika na majarida ya kweli. Kila rejeleo, litoke popote, lithibitishwe kwa kuingiza nambari yake ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, kwenye doi.org na kufungua makala yenyewe. Asilimia ya Turnitin, programu ambayo vyuo hutumia kukagua wizi wa kitaaluma, nayo isieleweke vibaya. Inapima kufanana kwa maneno tu. Orodha ya marejeleo na majina ya taasisi huipandisha bila kosa lolote, ilhali wazo lililoibwa na kubadilishwa maneno huenda lisionekane kabisa. Fungua ripoti usome kilichopakwa rangi, usitazame nambari pekee.

Msimamizi

Usimtumie msimamizi sura nzima na ujumbe "naomba maoni". Mtumie kurasa kumi, wiki mbili kabla ya kukutana, pamoja na maswali matatu unayotaka ayajibu. Mfano: "Je, kuchagua bichi mbili kunatosha kwa lengo la pili?" Mwenye kazi nyingi hujibu swali mahsusi haraka kuliko rundo la kurasa. Mkishakutana, siku hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi ya mliyokubaliana, kwa heshima, ukimwomba arekebishe ulipokosea kuelewa. Barua hiyo inakulinda wasimamizi wawili wanapovutana kila mmoja upande wake: uwatumie wote kwa pamoja.

Maoni yakirudi, tengeneza jedwali la nguzo tatu: alichosema, ulichofanya, na ukurasa. Pasipo na badiliko, eleza sababu kwa mistari miwili na ushahidi. Jedwali hilo uliwasilishe pamoja na rasimu mpya kila mara, na uliendeleze hadi baada ya kutetea, kwa maana jopo nalo litataka kuona kila sahihisho limefanywa ukurasa gani. Na usikusanye data yoyote kabla ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kutoka, hata kama wavuvi wa Dunga wako tayari kuhojiwa kesho. Data iliyokusanywa kabla ya kibali haitakubalika, na utalazimika kurudi bichi kuanza upya.